Besi Ikishuka: Namna ya Kuipima Sauti ya Nne

Wasikilizaji wa Kitale na Bungoma wanapenda besi kwa dhati. Kwaya ikifika pale ambapo sauti tatu za juu zinanyamaza na besi wanaachwa peke yao kwenye noti ya chini, ukumbi mzima unajua. Vigelegele vinatoka, vijana wa nyuma wanaguna kwa kuiga, na mzee aliyekuwa akisinzia anainua kichwa. Wana haki. Huku ndiko nyumbani kwa sioyaye, wimbo ambao Wabukusu humrudishia mtahiriwa kutoka mtoni alfajiri, Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili, na aliyekulia karibu na kiitikio kile cha wanaume ameonja sauti nzito kabla hajajua do re mi.

Lakini vigelegele si alama. Vinatuambia kwamba noti imeshuka. Havituambii kama imeimbwa.

Tuanze na kina chenyewe. Besi mzuri wa kwaya zetu anafika E iliyo chini ya mistari ya noti, mitetemo 82 hivi kwa sekunde, na wengi wanakomea F au G. Sergei Rachmaninov, katika ibada yake ya mkesha ya mwaka 1915, aliwashusha besi wa Moscow hadi B-flat iliyo chini zaidi, mitetemo 58. Karibu na zama zetu, Paul Mealor wa Wales alitunga De Profundis yenye E iliyo oktava nzima chini ya ile ya besi wetu, mitetemo 41, na Tim Storms wa Marekani ndiye aliyeiimba. Video za namna hii zikiingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, maoni ni yale yale: huyu si binadamu, huyu ni mashine, tumlete kwetu.

Wanaosema hivyo wakiwa na simu mkononi hawajaisikia noti yenyewe. Spika ndogo ya simu haitoi vizuri sauti iliyo chini ya mitetemo mia tatu hivi. Kinachofika sikioni ni zile sauti ndogo zinazopanda juu ya kila noti, na ubongo unaijaza ile ya chini wenyewe. Kwa hiyo usimhukumu besi yeyote kwa simu. Tumia vipokea sauti vya masikioni vilivyo vizuri, au bora zaidi, nenda ukasikilize ana kwa ana. Ukifika, usikae kwenye kona wala kuegemea ukuta, maana sauti nzito hujikusanya huko na kila besi huonekana shujaa. Kaa katikati ya ukumbi. Kama kuna vipaza sauti, mtazame fundi wa mitambo pia, kwa sababu besi nyingi za kanisani zinatengenezwa na kidole chake.

Sasa sikiliza mwanzo wa noti. Besi anayeimudu huingia moja kwa moja, bila kuitafuta kwa kuteleza kutoka juu. Kisha sikiliza irabu. Kama neno lina "a" na wewe unasikia mkwaruzo usio na irabu, koo linakwaruza tu, haliimbi. Kipimo cha uhakika ni kuongeza nguvu: noti iliyoimbwa inaweza kukua kidogo kidogo, mkwaruzo ukiusukuma unakatika au unaruka juu. Pumzi nayo isisikike. Katika safu ya besi sita, kila mmoja avute pumzi kwa wakati wake, katikati ya irabu, ili noti isikatike.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote, hata hivyo, hakiko kwa besi. Wasikilize soprano. Besi akikaa sawasawa kwenye do, soprano wanaacha kuhangaika, sol ya tenor inajipata, na sauti zote nne zinatoa mlio mmoja unaozidi idadi ya waimbaji. Besi akizama hata nusu ya nusu ya hatua, wote juu yake wanavutwa pole pole, na mwisho wa wimbo ukibonyeza kinanda utakuta kwaya imeshuka kutoka ufunguo (ki) ilioanza nao. Wengi wanasifu uzito wa besi huyo bila kujua kwamba ndiye aliyeizamisha kwaya.

Mtunzi naye ahukumiwe. Noti nzito inahitaji nafasi juu yake. Mtunzi anayejua kazi humwekea tenor oktava au sol mbali juu ya besi. Akibananisha do na mi huko chini, hata waimbaji bora watatoa mngurumo usioeleweka. Ndiyo maana ninapenda namna wapangaji wa nyimbo za kienyeji katika shule zetu wanavyowaacha besi warudierudie kiitikio kifupi, juu kukiwa na nafasi ya mwimbishaji. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limeilea sanaa hiyo, na mpangaji wa nyimbo Arthur Kemoli alionyesha kwamba wimbo wa Waluhya unaweza kuvikwa sauti nne bila kupoteza mwendo wake.

Jambo moja dogo ambalo majaji husahau: asubuhi sauti ya mwanamume huwa chini zaidi. Besi aliyetikisa misa ya kwanza kule Kitale anaweza kuikosa noti ile ile jukwaani saa nane mchana. Mwalimu achague ki kwa sauti ya mchana.

Na walimu wa shule, tafadhali: msiwalazimishe wavulana ambao sauti ndiyo kwanza inavunjika kukandamiza koo ili ukumbi upige vigelegele. Kama wimbo ni chaguo lenu, upandisheni hatua mbili. Mimi nikiwa na kalamu ya alama, besi wanane wanaotua kwenye G kwa irabu safi nitawaweka mbele ya mmoja anayekwaruza C.