Kishtuzi au "Kianzio cha Kuruka"? Tahakiki ya Istilahi za Chombo cha Kuwashia Gari

Miongoni mwa bidhaa zinazouzwa siku hizi katika maduka ya vipuri vya magari kuna chombo kidogo cha kutiwa mkobani, chenye betri ya lithiamu na waya mbili fupi za vibanio, kimoja chekundu na kimoja cheusi. Kazi yake ni kulipatia gari lililoishiwa chaji umeme wa kuzungusha stata hadi injini iwake. Tafsiri za haraka hukiita "kianzio cha kuruka". Yafaa jina hilo likataliwe mapema kabla halijazoeleka. Kiingereza kilichagua picha ya kuruka kwa sababu zake. Dereva aliyekwama kati ya Newala na Masasi hana haja ya kuruka popote.

Tena neno lake analo. Uwanda wa Makonde una mchanga mwingi, na kusukuma gari mchangani ni adhabu. Mwenye betri dhaifu huegesha penye mteremko, na asubuhi huliachia gari likatembea, akalishtua kwa gia. Gari la gia za otomatiki halikubali hila hiyo, ndiyo maana chombo hiki kina wateja. Kitenzi *kushtua* kimekwisha kubeba maana inayotakiwa, nacho chazaa jina bila kulazimishwa: kama *kununua* kunavyotoa mnunuzi, na *kupambanua* kipambanuzi, vivyo hivyo *kushtua* kunatoa *kishtuzi*. Masasi si pageni katika historia ya wakusanyaji wa maneno. Askofu Edward Steere, aliyetoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyewafikisha huko mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani.

Wapo watakaotetea "busta". Sina ugomvi na maneno ya mkopo, ila hili mafundi wamekwisha kulipa kazi katika breki, na fundi akiombwa busta huenda akafungua boneti kutazama kisichohusika. "Kianzishi" nalo ni pana mno, na hulivuta fikira kuelekea stata yenyewe.

Jina, hata hivyo, ndilo jepesi. Hasara hutokea katika tarakimu. Juu ya kasha huandikwa kwa herufi kubwa, tuseme, "ampea 2000". Mnunuzi huamini kwamba amenunua nguvu ya ampea 2000, kumbe hicho ni kiasi cha kupasuka mara moja, kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, wala watengenezaji hawana kipimo kimoja waliochokubaliana kukipimia. Kinachozungusha stata ni mkondo unaodumu kwa sekunde kadhaa, nao huwa mdogo zaidi sana. Injini ndogo ya petroli huweza kuridhika na ampea 150 au 200. Ya dizeli, kwa sababu ya mgandamizo wake, hudai zaidi. Mfasiri anayeandika "ampea" pekee katika sehemu zote mbili amemsaidia muuzaji. Napendekeza *mkondo wa kilele* kwa ule wa kwanza na *mkondo wa kuwashia* kwa huu wa pili, na mnunuzi aulizie huu wa pili.

Ovyo zaidi ni "ampea baridi", inayoonekana katika tafsiri za maelezo ya betri za magari. Si ampea zilizo baridi. Ni mkondo ambao betri huweza kuutoa kwa sekunde 30 katika nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Newala, pamoja na upepo wake wote, haijapata kuiona. *Mkondo wa kuwashia katika baridi* ni mrefu, lakini ni kweli.

Kisha liko neno "uwezo". Kishtuzi cha miliampea-saa 20,000 hupimwa kwa volti 3.7 za seli yake, yaani wati-saa 74. Zikigawanywa kwa volti 12 za gari, hupatikana ampea-saa 6 hivi, ilhali betri ya gari dogo huwa na 45 au 60. Hiyo ni *akiba*. Uwezo wa kusukuma stata ni jambo jingine, na chombo chaweza kuwa na akiba kubwa kikashindwa kuwasha. Mkulima aliyelipwa fedha za korosho, anayenunua kishtuzi ili gari lake lisikwame usiku likiwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Ndanda, astahili kuonyeshwa tofauti hiyo kwa maneno mawili.

Vivyo hivyo "betri iliyokufa". Kwa fundi, betri iliyokufa ni ya kutupwa. Iliyoishiwa chaji ni ya kushtuliwa. Kishtuzi ni cha hiyo ya pili. Huweza kuliwasha hata gari lenye betri ya kwanza, lakini injini ikizimwa njiani, taabu ni ile ile. Maelezo yaseme *betri iliyoishiwa chaji*.

Maonyo yafasiriwe kwa sentensi kamili, si kwa vipande. Kishtuzi cha volti 12 kisifungwe kwenye lori la volti 24. Kisiachwe nyuma ya kioo cha mbele juani, kwa kuwa joto huiharibu lithiamu. Kichajiwe kila baada ya miezi mitatu hata kama hakikutumika. Na palipoandikwa *chanya* na *hasi*, rangi ya kibanio itajwe papo hapo, maana wengi wanaokitumia usiku huijua rangi kabla ya istilahi.