Kitenzi "Take Off" na Kauli ya Kutendua

Ni desturi ya kamusi za lugha mbili kukifasiri kitenzi cha Kiingereza "take off" kwa msururu wa maneno: vua, ondoa, bandua, funua, punguza, ruka, iga. Msomaji huachiwa ajichagulie.

Maneno hayo si visawe. Kofia huvuliwa, stempu hubanduliwa, chungu hufunuliwa, bei hupunguzwa, ndege huruka. Hakuna kimoja kiwezacho kushika nafasi ya mwenziwe. Tena msururu huo waficha utaratibu. Vua ni kinyume cha vaa, bandua cha bandika, funua cha funika. Mzigo ambao Kiingereza hukitwika kijineno "off", Kiswahili hukitwika kiambishi cha kutendua. Lakini kauli hiyo hutendua lililokwisha kutendwa. Ndiyo sababu haimfai mchekeshaji amwigaye mkubwa wake, wala ndege irukayo.

Basi yampasa mtunga kamusi ataje kwanza kitu kinachohusika, ndipo atoe kitenzi chake. Asipofanya hivyo, mwanafunzi atashika "ondoa" kwa kila jambo, na vua, bandua na funua vitabaki vinywani mwa wazee.