Retina imeshika, lakini mstari bado umepinda

Hivi ukiambiwa operesheni ya jicho imefanikiwa, unaelewa nini? Mimi nilikuwa naelewa kitu kimoja tu: mgonjwa sasa anaona vizuri. Nilipoanza kusoma tafiti za upasuaji wa retina iliyobanduka ndipo nikagundua kwamba neno “mafanikio” humo mara nyingi lina maana nyingine. Nina ugomvi nalo.

Tuelewane kwanza. Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara za kwenda kwenye ubongo. Ikichanika, majimaji ya ndani ya jicho hupenya kwenye tundu na kuibandua, kama unyevu unavyobandua rangi ukutani. Daktari wa Uswisi, Jules Gonin, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba tiba ni kuziba tundu. Tangu hapo swali kubwa limekuwa: retina imerudi mahali pake au haijarudi? Ni swali la haki, maana isiporudi jicho linaweza kupofuka. Shida ni pale jibu lake linapochukuliwa kuwa jibu la kila kitu.

Chukua utafiti uitwao PIVOT, uliofanyika Toronto, Kanada, na kuchapishwa 2019. Wagonjwa 176 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa vitrektomi: daktari anaingiza vyombo vyembamba ndani ya jicho, anaondoa ute unaovuta retina, kisha anajaza gesi. Kundi la pili lilidungwa kiputo kidogo tu cha gesi, tundu likazibwa kwa leza au kwa kugandishwa, na mgonjwa akaelekezwa namna ya kuweka kichwa ili kiputo kikae juu ya tundu.

Kwa operesheni ya kwanza, retina ilishika kwa asilimia 93 ya waliofanyiwa vitrektomi na asilimia 81 ya waliowekewa kiputo. Ukiishia hapo, mchezo umekwisha, vitrektomi imeshinda. Lakini watafiti hawa hawakuishia hapo. Kipimo chao kikuu kilikuwa idadi ya herufi ambazo mgonjwa anaweza kusoma kwenye chati baada ya miezi 12. Hapo kundi la kiputo liliongoza kwa wastani wa herufi 4.9, yaani karibu mstari mzima. Tatizo la kuona mistari ya wima imepinda nalo lilikuwa dogo zaidi kwao. Kati ya waliokuwa bado na lenzi yao ya asili, asilimia 65 ya kundi la vitrektomi walifanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho ndani ya mwaka huo, dhidi ya asilimia 16 ya kundi la kiputo. Na waliobanduka tena walipotibiwa upya, retina zilishika karibu zote, pande zote mbili.

Inawezekanaje retina ishike vizuri lakini macho yaone vibaya? Maelezo yanayopendekezwa ni kwamba gesi nyingi huisukuma retina wakati bado kuna majimaji chini yake, nayo inateleza na kushika ikiwa imevutika. Ni kama stika uliyoibandika haraka haraka kwenye kioo: haibanduki, lakini ina mkunjo. Kiputo kidogo kinaziba tundu tu, na majimaji yaliyobaki hunyonywa taratibu na jicho lenyewe.

Sasa nisigeuke shabiki. PIVOT ni ya hospitali moja, na wagonjwa wake walichaguliwa: matundu madogo, yasiyo sehemu ya chini ya jicho. Wagonjwa walijua pia wamefanyiwa nini. Halafu ile asilimia 81 ina maana karibu mtu mmoja kati ya watano alihitaji kutibiwa tena. Kwa anayeishi mbali na hospitali ya macho, hiyo ni nauli nyingine, siku za kazi zilizopotea, na hofu ya makovu yanayoweza kuota juu ya retina na kuivuta tena. Wala haruhusiwi kupanda ndege gesi ikiwa bado ndani ya jicho, kwa sababu huko juu inatanuka.

Kwa hiyo sisemi kiputo ndiyo dawa ya wote. Ninachodai ni kwamba asilimia moja ya “mafanikio” haitoshi. Ripoti ijibu mambo matatu: retina ilishika baada ya operesheni ngapi, mgonjwa anasoma herufi ngapi, na mlango anauona umenyooka au umepinda? Hili la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo mgonjwa anaishi nalo kila siku.

Na wewe unayesoma: ukiona ghafla vimweko vya mwanga, vidoti vyeusi vingi vinaelea, au kivuli kama pazia linashuka pembeni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sehemu ya katikati ya retina ikiwa bado haijabanduka, nafasi ya kuokoa uoni wako ni kubwa zaidi. Na ukifika kwa daktari, usiulize tu kama itashika. Muulize utaona nini.