Padri wa Televizioni: Kazi ya Dermot Morgan

Sisi Wakristu wa Kongo twaijua Irlandi kwa mambo machache. Wanalejio wetu, hata wa vijiji vya mbali, wajua kwamba Legio Mariae ilizaliwa Dublin mwezi wa Septemba 1921. Wazee wa Katanga wakumbuka askari wa Irlandi waliokuja na ONU: tisa kati yao waliuawa Niemba mwaka 1960, na wengine walizungukwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1961. Jambo jingine halijulikani sana kwetu. Mmoja wa watu waliowachekesha Wairlandi kupita wengi mwishoni mwa karne iliyopita alikuwa padri wa uongo, asiyewekewa mikono na askofu yeyote. Alikuwa mwigizaji, jina lake Dermot Morgan.

Twaandika juu yake kwa sababu siku hizi mchezo wowote wafika popote kwa njia ya simu, hata ndani ya nyumba za malezi, na mchezo wake ulioitwa Father Ted wawacheka mapadri tangu mwanzo hadi mwisho. Je, yafaa frateri aucheke? Wako wanaosema kwamba kicheko cha namna hiyo ni cha maadui wa Eklezia, na kwamba mtu hawezi kucheka kola ya padri leo na kuitamani kesho. Sisi hatukubali. Lakini sharti mtu ajue anacheka nini, na kwa sababu hiyo lazima tuanze mbali kidogo.

Morgan alizaliwa Dublin tarehe 31 Machi 1952. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, kisha akawa mwalimu wa shule kabla ya kuiacha chaki na kuingia katika kazi ya kuchekesha. Ualimu huo si jambo dogo. Mtu aliyesimama mbele ya vijana wasiotaka kusikiliza ajua mapema jambo ambalo wahubiri wengine hawajifunzi mpaka uzeeni: watu wasikia sauti yako kwanza, na neno lako baadaye, kama bado lipo.

Alipoingia televizioni ya Irlandi, katika kipindi The Live Mike cha miaka 1979 hadi 1982, akatumia ujuzi huo. Humo alimcheza Father Trendy, yaani Padri wa Kisasa. Padri huyu aliongea na watazamaji kwa dakika mbili hivi, kwa sauti tamu na tabasamu la kirafiki. Alianza na jambo la mitaani, la kuwapendeza vijana, halafu akaruka mtaro mpana bila daraja akafika kwa Mungu. Mfano wake haukufanana na kitu. Miaka ile ya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mapadri wengi wa Ulaya walitafuta njia mpya ya kusema na vijana. Wengine waliipata, wengine walipata gita tu. Morgan aliwachukua hao wa gita. Kila mmoja wetu aliyewahi kuandika mahubiri usiku wa Jumamosi, akitafuta mfano wa mpira wa miguu ili aingize Utatu Mtakatifu, atajitambua pale bila kuonyeshwa kidole.

Kazi ile ilikuwa safi, lakini ndogo. Kuiga sauti ya mtu si kumjua mtu. Mtazamaji alicheka, akamtaja padri fulani wa parokia yake, akalala usingizi mwema. Baadaye Morgan alipata silaha kubwa zaidi katika redio: Scrap Saturday, kipindi cha asubuhi ya Jumamosi, tangu 1989 hadi 1991, alichokifanya pamoja na Gerard Stembridge, Owen Roe na Pauline McLynn. Aliyechekwa mle kuliko wote alikuwa Charles Haughey, mkuu wa serikali wa wakati ule. Wairlandi wengi walikipenda sana, lakini mwaka 1991 redio ya taifa ilikikomesha, naye Morgan hakuficha hasira yake. Akafika umri wa miaka arobaini akiwa na jina kubwa nyumbani kwake, bila mchezo wa kumfaa.

Mchezo wenyewe ulitoka ng’ambo. Watunzi wawili wa Irlandi, Graham Linehan na Arthur Mathews, waliuandika kwa ajili ya Channel 4, televizioni ya Uingereza. Ulianza kuonyeshwa tarehe 21 Aprili 1995, ukaendelea kwa mifululizo mitatu, sehemu 25 kwa jumla.

Hadithi ni hii. Mapadri watatu wakaa katika nyumba moja, katika kisiwa kiitwacho Craggy Island, magharibi ya Irlandi. Msomaji asikitafute katika ramani, hakipo. Kila mmoja ametupwa pale kwa kosa lake. Padri Jack Hackett ni mzee, mlevi, mwenye maneno manne au matano tu, yote mabaya. Padri Dougal McGuire ni kijana ambaye katekismu ya kwanza imempita bila kumgusa. Mkubwa wa nyumba ni Ted Crilly, ndiye Morgan. Fedha zilizokusanywa ili mtoto mmoja apelekwe Lourdes zilionekana mikononi mwake, naye akaonekana Las Vegas. Bibi Doyle atunza nyumba na kuleta chai mchana na usiku, na asiyetaka chai hupewa chai.

Ted akiulizwa habari za fedha zile, ajibu kwamba zilikuwa zimepumzika tu katika hesabu yake ya benki. Twaomba kila mwenye kushika kitabu cha fedha za parokia alifikirie neno hilo. Wizi ndani ya nyumba ya padri hauji na jina lake. Huja na jina la kutunza, la kukopa, la kurudisha kabla ya Pasaka. Morgan halisemi neno lake kama mwizi aliyekamatwa. Alisema kama mtu aliyelirudia mara nyingi mpaka ameliamini nusu: uso wajaa ukunjufu, na macho yatafuta mlango.

Hapo ndipo tunapoona ustadi wake. Mambo ya ndani ya nyumba yalichezwa katika studio ya London mbele ya watu walioketi na kucheka. Ya nje yalipigwa picha Irlandi, katika mkoa wa Clare. Mbele ya watu namna hiyo mwigizaji hawezi kukimbia. Kicheko kikianza lazima angoje kiishe, na akingoja lazima uso wake uwe na kazi. Wenzake walikuwa na kazi nyepesi zaidi: Ardal O’Hanlon kama Dougal ana mshangao, Frank Kelly kama Jack ana kelele. Morgan hana rangi moja kama hiyo. Yeye ndiye mwenye akili kati ya wajinga, tena akili yenyewe haitoshi. Katika kimya kile kati ya swali na uongo, twaona uongo ukizaliwa: kwanza hofu, halafu hesabu, halafu furaha ndogo kwamba umepatikana. Father Trendy hakuwa na kimya hicho. Alikuwa sauti, Ted ni mtu.

Mapadri wanaosoma Kifaransa wamjua Don Camillo wa Guareschi, ambaye Fernandel alianza kumcheza katika sinema mwaka 1952. Naye ana makosa mengi, apiga watu ngumi, ana kiburi. Lakini Don Camillo aenda mbele ya msalaba akaongea na Kristu, na Kristu amkemea. Ted hana wa kumkemea. Karibu hatumwoni akisali, na altari yenyewe haionekani sana. Watu wengine walikasirika kwa sababu mchezo huu waicheka Misa. Ukweli ni kwamba Misa haimo. Kilichomo ni nyumba ya mapadri baada ya kutolewa kila kitu cha kipadri: imebaki chai, televizioni, wivu juu ya padri wa kisiwa jirani, na hofu ya simu ya Askofu. Kwa maoni yetu hili ni jambo kali kuliko tusi lolote, maana nyumba kama hiyo yaweza kuwako mahali ambapo Misa yasomwa kila asubuhi.

Sehemu inayojulikana kupita zote ni ile ya filamu juu ya Mtakatifu Tibulus, mtakatifu wa kubuniwa. Filamu yahesabiwa kuwa tusi kwa dini, na Askofu Brennan awaamuru Ted na Dougal waende kuipinga mbele ya nyumba ya sinema. Wasimama pale na vibao viwili. Kimoja chapinga mambo ya namna hii, bila kusema ni mambo gani. Kingine chaonya watu wajihadhari, bila kusema na nini. Watu wavutwa na vibao, wajaa sinemani, na filamu ambayo ingekufa yenyewe yapata watazamaji kuliko zote zilizotangulia. Tena mapadri wenyewe wameitazama, wala hawakuielewa. Ndugu zetu wanaotaka mchezo huu ufungiwe mlango wa seminari wajitazame katika kibao kile cha kwanza.

Lakini sisi twaweka juu zaidi sehemu ndefu ya Noeli ya 1996. Ted na mapadri wenzake wapotea katika duka kubwa, kati ya nguo za ndani za wanawake, naye awaongoza kutoka kimya kimya kama kamanda, ili pasiwe na kashfa. Kwa tendo hilo apewa zawadi ya padri bora wa mwaka. Angeweza kusema asante na kuketi. Yeye asimama na hotuba yake, awataja mmoja mmoja wote waliomdharau maishani, akiendelea mpaka wageni wamechoka kabisa. Morgan aichezaje? Bila hasira hata kidogo! Ni mtu mwenye furaha kuliko siku zote za maisha yake. Daraja takatifu, miaka ya seminari, nyumba, kola, vyote vilikuwa vikingoja siku hii ya kulipiza. Tumemtazama mara tatu, na mara ya tatu hatukucheka sana.

Si yote yaliyo mema. Padri Jack atuchosha. Kumcheka mzee mgonjwa wa pombe mara moja yatosha, na watunzi wamrudisha kila wakati akili yao inapopungua. Maswali ya Dougal ni jambo jingine. Katika sehemu moja maaskofu watatu waja kukipa heshima kipande cha jiwe takatifu, na Dougal amwuliza mmoja wao maswali ya mtoto juu ya imani, mpaka Askofu yule aondoka bila imani. Wengine waona hapo dharau juu ya mafundisho. Makatekista wetu wataona jambo lingine: maswali yale ndiyo wanayoulizwa kila mwaka na watoto wa komunyo ya kwanza, na wao hujibu.

Twasikitika zaidi kwa yale yasiyosemwa. Mwaka 1992 Askofu wa Galway aliacha kiti chake baada ya kujulikana kwamba alikuwa na mtoto, na mchezo ulimpa Askofu Brennan kosa hilohilo. Lakini mwaka 1994 Irlandi ilisikia habari za padri Brendan Smyth aliyeharibu watoto kwa miaka mingi, na mwaka 2009 taarifa kubwa ya tume ya serikali ilionyesha mateso ya watoto katika nyumba zilizoongozwa na watawa. Kati ya habari hizo Craggy Island inabaki mahali pa makosa madogo. Labda kicheko hakina mkono wa kushika jambo zito hivyo. Lakini anayeutazama mchezo leo aona kwamba mapadri wale watatu walitupwa kisiwani ili wasionekane, naye ajua sasa kwamba katika maisha ya kweli wengine walihamishwa kwa shauri hilohilo, na kwa kosa lisilochekesha.

Sehemu ya mwisho ilichezwa studioni tarehe 27 Februari 1998. Kesho yake, tarehe 28, Morgan alikufa London kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 45. Mfululizo wa tatu ulionyeshwa baada ya kifo chake, ukaisha tarehe 1 Mei, na mwaka 1999 alipewa zawadi ya BAFTA ya mwigizaji bora wa kuchekesha, asiwepo kuipokea. Alikuwa ameiacha imani, na mara nyingi aliisema Eklezia kwa ukali. Hata hivyo alisomewa Misa ya wafu katika parokia ya Mount Merrion, Dublin, na Rais wa nchi, Mary McAleese, alikuwapo, pamoja na wakubwa wa serikali na wa Eklezia ambao aliwacheka katika maisha yake.

Frateri anayetaka kuutazama asianze mwanzo. Aanze na Mtakatifu Tibulus, kisha ile ya Noeli, kisha maaskofu watatu. Ile ya Noeli aitazame peke yake, si katika kundi la wenzake, maana katika kundi kila mtu humcheka jirani yake.