Bluetooth ya Steshenari: Kinachobaki Mteja Akishaondoka

Ingia steshenari yoyote ya Tabora, iwe jirani na chuo au mitaa ya sokoni, useme unataka kuchapa kitu kilicho kwenye simu. Utaambiwa: "Washa Bluetooth, nirushie." Huwa ni nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne au barua ya kuomba kazi. Simu inaitafuta kompyuta, tarakimu sita zinajitokeza pande zote mbili, watu wanabonyeza, faili linaingia na karatasi inatoka. Mteja analipa, anakwenda zake. Ndani ya kompyuta vimebaki vitu viwili, na kile ambacho watu hawakiogopi ndicho kibaya zaidi.

Tuanze na kuonekana, jambo jepesi. Kompyuta inayoonekana huitikia kila kifaa kinachouliza nani yuko karibu. Inataja jina lake na aina yake, basi, mafaili haitoi. Windows hujionyesha ukiwa umefungua ukurasa wa mipangilio ya Bluetooth, au muda wote ikiwa mwenye duka ameweka tiki ya kuruhusu vifaa vingine kuipata. Mawimbi ya vifaa vingi hufika kama mita 10, na ukuta wa tofali hauyazuii yote. Kwa hiyo aliyekaa barazani kwa jirani anaiona kompyuta yako sawa na aliyesimama mbele ya kaunta.

Kuoanisha, yaani kule kuthibitisha tarakimu sita, ndiko kwenye mambo. Zamani vifaa viwili vilitegemea namba ya siri fupi, mara nyingi 0000 au 1234, na printa ndogo za risiti bado nyingi zinakuja nazo. Ufunguo wa kuficha mawasiliano ulizaliwa kutokana na namba hiyo. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Israeli, Yaniv Shaked na Avishai Wool, walionyesha kwamba aliyesikiliza vifaa vikioana angeweza kuipata namba ya tarakimu nne kwa chini ya sekunde moja. Toleo la 2.1 la mwaka 2007 lilibadili utaratibu: kila kifaa hutengeneza jozi ya funguo, hutuma ule wa wazi na kubaki na wa siri, na kutokana na mabadilishano hayo pande zote mbili hufikia ufunguo mmoja ambao haukupita hewani.

Basi zile tarakimu sita ni za nini? Si nywila. Ni ushahidi kwamba simu na kompyuta zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Mtu akijipenyeza katikati, namba za pande mbili hazitafanana, isipokuwa kwa bahati ya moja katika milioni. Ulinzi wote umewekwa kwenye macho ya watu wawili, na kaunta ikishakuwa na foleni hakuna anayesoma. Spika na vipokea sauti visivyo na kioo havina hata pa kuonyeshea namba. Vinaoana bila uhakiki wowote, na kwa muziki sina ugomvi na hilo.

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ililipa hongo, yaani ushuru wa kupita, ilipokatiza Ugogo, nchi ya Wagogo, na safari iliyofuata mazungumzo yalianza upya. Kuoanisha hakuna desturi hiyo. Ufunguo unahifadhiwa pande zote, nao ndio kitu cha kwanza kinachobaki; simu ikirudi baada ya mwezi inatambuliwa bila swali. Windows kwa kawaida hudai simu ioanishwe kabla ya kurusha faili, kwa hiyo kila mteja anaongeza jina kwenye orodha. Na Tabora ni njiapanda ya reli, Kigoma huku na Mwanza kule: kwenye orodha hiyo wamo hata wasafiri ambao mwenye duka hatawaona tena.

Je, hao waliobaki wanaweza kuchota mafaili ya duka? Hofu hii imetiwa chumvi. Vifaa vikishaoana huulizana huduma: wewe unatuma mafaili, unatoa sauti, unagawa intaneti, au wewe ni kibodi? Kila huduma ina mlango wake. Upande wa mafaili, Windows hupokea tu pale mtu alipofungua dirisha la kupokea. Simu haiwezi kuingia yenyewe ikapekua makabrasha.

Mlango wa kuogopa ni wa kibodi. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, programu ya simu yaweza kuitambulisha simu kama kibodi. Ukibonyeza kukubali bila kuangalia, umempa mteja uwezo wa kuandika amri kwenye kompyuta yako. Desemba 2023 mtafiti Marc Newlin alieleza jinsi kibodi bandia ilivyoweza kuunganishwa na Android, Linux na vifaa vya Apple bila mwenyewe kuthibitisha. Viraka vilitolewa, lakini kiraka humfaa aliyekiweka, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Pamoja na yote hayo, kwa maoni yangu Bluetooth ni njia safi kuliko flashi inayozunguka kompyuta tano kwa siku ikibeba virusi. Kibaya zaidi ni kile kitu cha pili kilichobaki: faili lenyewe. Hakihitaji mdukuzi. Kitambulisho cha mteja kimekaa kwenye kabrasha la nyaraka, na yeyote atakayekalia kiti hicho atakifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika kwa kazi zilizokusanyiwa.

Mwenye steshenari, kabla ya kufunga duka futa mafaili ya siku, safisha na pipa la takataka la kompyuta, ondoa simu zote za wateja kwenye orodha na utoe tiki ya kuonekana. Nawe mteja, usiondoke kaunta hadi uone faili lako likifutwa, kisha uisahaulishe simu yako kompyuta hiyo.