Ziwa Lililo Mlangoni: Kijana, Siku za Kawaida na Msukumo wa Kuandika

Utangulizi

Kila mwaka walimu wa utunzi katika idara za Kiswahili hukutana na lalamiko lilelile. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mwenye umri wa miaka 24 au 25, hupewa kazi ya kuandika hadithi fupi, naye hujibu kwamba hana la kuandika. Maisha yake, asema, ni ya kawaida mno: bweni, foleni ya chakula, maktaba, likizo kijijini, kisha bweni tena. Anasubiri kitu kitakachomsukuma, na kitu hicho hakiji. Makala hii inakusudia kulichukua lalamiko hilo kwa uzito wake. Hatuamini kuwa ni uvivu. Tunaamini kuwa ni swali la kihakiki: je, nathari ya Kiswahili imemfundisha kijana kuiona siku yake ya kawaida, au imemfundisha kuidharau?

Ili swali lisibaki hewani, tutalipima kwa maandishi machache na kwa mahali pamoja. Mahali penyewe ni Mununga, kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kaskazini ya Nchelenge na soko la samaki la Kashikishi. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, nchi ya jirani yake imo katika mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya nathari ya Kiswahili. Pili, ingawa wakazi wa mwambao huo huzungumza zaidi Kibemba na lugha zilizo karibu nacho, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko. Kiswahili kinafika pale kila siku kwa mtumbwi. Fasihi tunayoifundisha darasani haifiki.

Ilhamu na wino

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, na hayalingani. Hamasa ni moto wa watu wengi; huwashwa na hotuba, ngoma au mpira. Ilhamu hushuka kutoka juu, na anayeipokea hana la kufanya ila kushukuru. Msukumo hutoka nyuma au ndani, na humtaka mtu atembee. Wanafunzi wetu huzungumza juu ya msukumo, lakini namna wanavyoungoja yaonyesha kuwa wanachokitaka ni ilhamu.

Washairi wa zamani walikuwa na busara katika hili. Katika tenzi nyingi mtunzi humwomba Mungu msaada, kisha papo hapo huagiza wino, kalamu na karatasi. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858 hali akiwa mgonjwa, alianza kwa kumwita mtoto akae karibu na vyombo vya kuandikia. Dua na wino vinakwenda pamoja. Na kilichojaza utenzi huo, mbali na dini, ni mambo ya nyumbani: usafi, adabu, namna ya kuishi na mume na majirani. Ilhamu, kwa kanuni hiyo ya kale, haimtoi mtu nyumbani kwake.

Aliyepita bila kuona

Kitabu chetu cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Mzee huyo wa Unguja aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kila anayesoma historia ya nathari yetu hana budi kupitia hapo.

Kwa sehemu kubwa ni kitabu cha ujana. Msimulizi anaanza biashara akiwa mtoto wa miaka 12, anaingia bara na baba yake akiwa na miaka 18, na anapofika kwa Nsama wa Itabwa mwaka 1867 ni kijana aliyeiva. Itabwa ni nchi iliyo kati ya Ziwa Mweru na Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo tunaposoma habari za vita na Nsama, tuko jirani kabisa na mwambao tunaouzungumzia.

Nini kinachoonekana humo? Kwanza, sifa. Sentensi ni fupi, zinakwenda kwa kasi, na msimulizi hana hofu wala soni. Mwalimu anayetaka kuonyesha jinsi kitenzi kinavyobeba hadithi atapata mifano tele. Lakini tukiuliza msimulizi aliona nini, jibu linatutia simanzi. Aliona pembe za ndovu, na akazihesabu kwa frasila. Aliona bunduki, watawala, madeni na njia. Wapagazi wanahesabiwa, karibu wote hawatajwi majina. Waliotekwa wamekuwa mali. Mvuvi aliyeshusha mtumbwi wake asubuhi ileile hayumo, wala mwanamke aliyeanika mihogo. Kijana huyu hakuwa na shida ya msukumo hata kidogo: msukumo wake ulikuwa bidhaa, na bidhaa ilimpitisha katika nchi za watu kama mtu anayepita ghalani. Hatusemi haya ili kumhukumu kwa vipimo vya utunzi peke yake. Ukatili wa biashara ile una hukumu yake nzito zaidi. Tunasema kwamba macho ya msimulizi na biashara yake ni kitu kimoja, na mwanafunzi afundishwe kulitambua hilo.

Aliyetazama bila kupenda

Kitabu cha pili ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Hapa tunahamia ziwa jingine, Viktoria, kwenye kisiwa cha Ukerewe, lakini hali ya kijana wa pwani ya ziwa haibadiliki sana. Kazimoto ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amesoma, anafikiri, na hakuna kinachomtosheleza. Manase, rafiki yake wa utotoni, amekuwa Mkuu wa Wilaya. Rukia, dada yake Kazimoto, anapewa mimba na Manase, na mkasa huo unaishia kifoni. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, lakini anaishia kumwoa. Ndoa haimwokoi, mtoto anazaliwa na kasoro, na Kazimoto anajiua.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kwa darubini ya udhanaishi, nasi hatupingi. Ila tunaona kwamba usomaji huo umewafanya walimu wengi wamtukuze Kazimoto kupita kiasi, kana kwamba kukata tamaa ni daraja la juu la elimu. Tukimsoma kwa makini tunagundua jambo jingine. Kazimoto hakosi maisha ya kumsukuma. Maisha yamejaa pande zote. Kijiji kina hofu ya uchawi, kina wazazi wanaotumaini, kina wavuvi, vilabu vya pombe, watoto, misiba. Yeye anayaona yote hayo, tofauti na Tippu Tip. Lakini anayaona kama ushahidi katika kesi aliyokwisha kuikata. Kila tukio linamthibitishia kwamba maisha hayana maana, na hakuna tukio linaloruhusiwa kuwa tukio tu.

Tena kuna gharama ambayo darasani huwa hatuitaji. Utafutaji wa Kazimoto unalipiwa na wanawake. Rukia anakufa, Sabina anaoelewa ndani ya mpango wa kisasi asioujua, na wote wawili hawapewi nafasi ya kuuliza swali ambalo kaka na mume wanaliona kuwa kubwa kuliko yote: niishi kwa ajili ya nini? Msichana wa miaka 25 anayesoma riwaya hii ana haki ya kutuuliza kwa nini swali hilo liwe la wanaume peke yao.

Mwandishi si mhusika wake

Hapa ndipo ilipo hoja yetu kuu. Kazimoto hakuweza kuandika Kichwamaji. Kezilahabi aliweza, na tofauti kati yao ni somo zima la utunzi.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, Ukerewe, na alifariki mwaka 2020. Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, ilipotoka mwaka 1971, hakuwa ametimiza hata miaka 30. Basi alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wetu, au aliyewazidi kidogo, alipotafuta la kuandika. Akaliona wapi? Namagondo. Riwaya ile inaanzia kijijini kwao, katika nyumba ya baba mlevi, kwa binti anayechungwa kwa ukali bila kufundishwa kitu. Ilizua ubishi mkubwa na kwa muda haikuruhusiwa mashuleni. Ubishi ule ulizuka kwa sababu watu walizitambua nyumba zao.

Mfano huu hauko peke yake. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliajiriwa katika Idara ya Forodha mwaka 1926 na akaitumikia hadi mwaka 1944. Alipofikisha miaka 25 alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, mwenye meza, daftari na saa za kazi. Miaka hiyo ya 1930 mashairi yake yalianza kujulikana kupitia gazeti la Mambo Leo. Hakungoja kuacha ukarani ili awe mshairi. Tunadhani hata ule utaratibu wa nathari yake, kila jambo mahali pake na kila sifa na kipimo chake, una harufu ya daftari la forodha.

Mununga na msimu uliofungwa

Sasa turudi Mweru. Nchini Zambia uvuvi hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na mwambao wa Mweru umo katika katazo hilo. Ndiyo miezi ya mvua. Kijana wa Mununga ambaye miezi tisa hushinda na nyavu, au hukesha akivua chisense, wale samaki wadogo wanaofanana na dagaa, kwa mwanga wa taa, ghafla ana siku tupu. Kuna shamba la mihogo, kuna nyavu za kushona, kuna deni la aliyemkopesha vifaa. Zaidi ya hapo kuna kungoja.

Mtu akituambia kuwa hapo hakuna la kuandika, tutamjibu kwamba hapo pana riwaya nzima. Babu wa kijana huyu huenda alizikumbuka zama za mpumbu, samaki mkubwa aliyejaa mto Luapula msimu wa kutaga mayai, hadi uvuvi mkali ulipommaliza kuelekea katikati ya karne ya 20. Mjukuu anaishi kwa chisense, anayeanikwa mchangani na kusafirishwa hadi miji ya migodi. Katika vizazi viwili samaki amepungua kutoka mkono mzima hadi kidole, na ndoto za mvuvi zimebadilika pamoja naye. Nani ameiandika habari hiyo kwa Kiswahili? Upande wa pili wa maji yuko kijana mwenziwe anayeizungumza lugha hii na kuvua maji yaleyale chini ya sheria ya nchi nyingine. Na katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, wapo wakimbizi wa Kongo waliofika tangu mwaka 2017 na 2018, wengi wao wasemaji wa Kiswahili, ambao kila siku yao ya kawaida wameianza upya kutoka sifuri.

Wala mwambao huo haukosi mfano wake wenyewe wa usimulizi. Masimulizi ya Mweru na Luapula yanamtaja Nachituti, mwanamke ambaye mwanawe aliuawa na nduguye, mtawala Nkuba. Mwata Kazembe alipomlipia kisasi, Nachituti alimpa nchi na maji yake. Alimpaje? Kwa kikapu cha udongo na chungu cha maji. Jambo kubwa kuliko yote katika historia ya nchi ile limebebwa na vyombo vya jikoni. Fanani wa Luapula alijua tangu zamani lile ambalo Kazimoto hakulijua: kwamba jambo zito huwekwa katika kitu kilicho karibu na mkono.

Tamati

Tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. La kwanza, Kichwamaji na Rosa Mistika zifundishwe pamoja, ili mwanafunzi aone kwamba aliyeziandika si yule aliyejiua. La pili, zoezi la utunzi lisianze na mada kubwa kama Maisha, Mapenzi au Ukombozi. Lianze na kazi moja ya mikono ambayo mwanafunzi ameifanya zaidi ya mara mia: kuanika, kushona, kupima, kufunga mzigo, kuhesabu chenji. Aieleze hatua kwa hatua, kwa maneno ambayo watu wa kazi hiyo huyatumia, kisha amweke mtu mmoja mwenye shida katikati yake.

Kwa wanafunzi tunasema hivi. Umri wa miaka 25 una siku tupu nyingi, nazo huumiza. Msidhani zimewekwa kwenu kwa makosa. Mvuvi hapotezi msimu uliofungwa. Anashona nyavu, kwa kuwa tarehe 1 Machi ziwa linafunguliwa, na mwenye wavu uliotoboka atabaki ufukweni akiwatazama wenzake wakiondoka.