Sanamu ya Juan de Pareja

Katika mwaka 1650 Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alikuwako Roma, na huko alifanya sanamu ya rangi ya msaidizi wake, Juan de Pareja. Huyo Pareja naye alikuwa mchoraji. Lakini alikuwa mtumwa, na bwana wake ndiye huyo aliyemchora.

Je, yafanana naye? Palomino, aliyeandika habari za wachoraji wa Hispania mwaka 1724, asimulia ya kuwa Pareja alitumwa kuichukua mwenyewe kwa rafiki za bwana wake, nao wakawa wakitazama mara mtu, mara sanamu, wasijue waseme na yupi. Nasi twasadiki. Nuru imeangukia kipaji cha uso, nywele ni nyeusi tele, macho yatuelekea sawasawa wala hayakwepi. Ukosi wake ni mpana, wa lesi nyeupe; ukiukaribia waona mipako michache ya rangi iliyopakwa kwa haraka, ukirudi nyuma yageuka kuwa nguo. Mkono wa kuume umepita mbele ya kifua, kama wa mtu mwenye nyumba yake.

Hapo ndipo tunapotatizika. Velázquez aliuona uungwana wa mtu huyu, akauonyesha pasipo kuupunguza, naye huku angali mali yake. Wako wasemao kwamba sanamu yenyewe ilikuwa kama hati ya uhuru. Sisi hatukubali. Hati ya kweli ilitiwa sahihi huko Roma mwezi wa Novemba mwaka uo huo, tena kwa sharti atumike miaka minne zaidi. Rangi haikumfungua. Na wengi wanaoisifu hupita jambo jingine: mkononi hana brashi wala kibao cha rangi. Asiyeambiwa hawezi kujua ya kuwa huyu ni fundi.

Sanamu hiyo iliuzwa London mwaka 1970 kwa zaidi ya pauni milioni mbili, nayo sasa iko New York. Lakini atakaye kumjua Pareja na aitazame na ile aliyoichora mwenyewe mwaka 1661, ya Kuitwa kwa Mathayo, iliyo katika nyumba ya Prado, Madrid. Kwa ufundi haifikii ya bwana wake: watu wamesongamana, na mavazi yavuta macho kuliko nyuso. Pembeni kabisa amesimama Pareja, atutazama vile vile, na mkononi ameshika karatasi iliyoandikwa jina lake.